Vikombe Vitatu vya Mama Séraphine

3 Oktoba

Mama Consolate, mwenye karakana, ameniagiza ninunue daftari. Anasema kila mvua zikianza tunarudia upumbavu uleule, tunaanika nguo siku ya mawingu kisha tunaishangaa mvua, na kwa kuwa macho yake yameingia ukungu, wa kuandika ni mimi. Basi naandika. Leo mvua ilianza saa nane mchana, vikwembe kumi na vinne, hizi nguo za wanawake za kujifunga kiunoni, vikiwa kwenye kamba. Kazi ya siku tatu imekwenda na maji kuelekea mto Lukuga.

Kwa atakayelirithi daftari hili: tunachovya ndani ya uji mzito wa muhogo kibao cha mbao kilichochongwa, tunakibonyeza juu ya pamba, tunaacha uji ukauke, ndipo tunaitumbukiza nguo ndani ya rangi. Palipo na uji rangi haipiti. Ukiosha, unapata picha nyeupe juu ya buluu. Masista wa Moba walimfundisha Mama kazi hii akiwa msichana, na tangu hapo hajaona sababu ya kubadilika. Mimi nimeona sababu nyingi.

4 Oktoba

Mawingu. Hakuna kilichokauka.

9 Oktoba

Jua la saa mbili tu. Nilimgusia tena Mama habari ya kadre. Kadre nilijifunza Lubumbashi nikiwa kijana: kitambaa chepesi kilichobanwa kwenye fremu, unasukuma rangi kwa ubao wenye mpira, unainua, umemaliza. Fulana za shule na za uchaguzi nimezichapa kwa maelfu.

"Mama, kwa kadre hii kazi tungeimaliza asubuhi moja."

"Na muchana tungefanya nini?"

Papa Onésime, anayetuchongea vibao tangu kabla mimi sijaoa, alicheka hadi akaweka patasi chini. Nami nilicheka, lakini moyoni nilikasirika. Nina miaka arobaini na mitatu na bado nachekwa mbele ya sufuria ya uji.

Mama akaanza ile hadithi ya baba yake, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo wakati pamba yote ya bara ilishuka hapa kwetu. Walichapa kwa rola za shaba, kila rangi na rola yake, na mzee aliamini kwamba kazi ya mkono imekwisha duniani. Kisha kiwanda kikafungwa, na rola zikauzwa kwa kilo. "Mashine inakuyaka, inaendaka," anasema Mama. "Mukono unabaki." Namheshimu. Ila mkono wenyewe unaobaki ni wangu, maana wake una baridi yabisi, hauwezi kubonyeza kibao hata kimoja. Hilo huwa halitajwi.

15 Oktoba

Mama Séraphine ameleta kikwembe chake kirudishwe rangi, kama kila mwaka. Habari yake niiandike vizuri.

Humu ndani tuna vibao vya watu wote na vibao vya mtu mmoja. Kibao cha mtu mmoja huchongwa kwa ajili ya msiba. Kinabonyezwa juu ya vikwembe viwili tu: kimoja mfiwa avae siku ya kumbukumbu, kingine siku yake azikwe nacho. Kisha kibao kinafungwa kitambaa, kinawekwa juu ya kabati la Mama, na hakishuki tena, ila kurudishia rangi nguo hizo mbili. Desturi hiyo Mama aliipata wapi sijui, masista hawakumfundisha. Nadhani aliianzisha mwenyewe, na mji ukaizoea.

Mama Séraphine alikuwa na watoto watatu. Miaka minne iliyopita, mwezi wa Januari, aliwapakia kwenye boti warudi shule Moba baada ya Noeli. Boti haikufika. Alipokuja kuagiza kibao, Papa Onésime alimwuliza achonge nini, msalaba, njiwa au majina. Akasema kwamba nyumbani vikombe vyao vya bati bado vimepinduliwa mezani kama walivyoviosha asubuhi ile, kikubwa, cha kati na kidogo, na kwamba yeye hajaweza kuvigeuza. Onésime akachonga vikombe hivyo. Ndicho kibao kizuri kuliko vyote alivyotuchongea, na nasema hivyo mimi ninayevishika kila siku.

16 Oktoba

Mvua.

17 Oktoba

Mvua. Kikwembe cha Mama Séraphine nimekianika ndani, kwenye kamba ya karakana.

19 Oktoba

Bado kibichi. Jovial alipita. Huyu ni mfanyabiashara wa ziwa, wa kwenda Kigoma na kurudi, kijana mwenye maneno laini na viatu visivyojua matope. Aliingia kukwepa mvua. Akasimama mbele ya kikwembe kile, akasahau hata kunisalimia.

"Yaya Valère, kaka yangu, hii nani amechora?"

"Papa Onésime amechonga. Mimi nimebonyeza."

"Na watu wangapi wanaijua?"

Akanieleza habari ya mashine iliyoko Daresalaam. Inatema wino juu ya kitambaa kama ile ya biro, ya ofisini, inavyotema barua. Haitaki kibao, haitaki uji, haitaki jua. Unatuma foto kwa telefone, na mita elfu moja zinatoka kabla watu hawajarudi misa.

"Vitu yenu ni mizuri," akasema, "lakini inafia humu ndani. Hautaki watu waone mukono yako?"

Hapo ndipo aliponipata. Hakuniahidi hata faranga moja, na ningetamani niseme alinihonga, ingekuwa aibu ya kawaida. Alisema mkono wako. Miaka kumi na sita nabonyeza, na hakuna aliyewahi kusema mkono wa Valère, wanasema kazi ya Mama Consolate. Mama alikuwa kanisani. Onésime alikwenda kutafuta mbao. Nilikinyoosha kidogo kikwembe pale kwenye kamba, nikapiga foto moja, nikamtumia.

20 Oktoba

Foto si wizi. Ukipiga foto nyumba ya mtu, nyumba inabaki palepale.

21 Oktoba

Nimeisoma sentensi ya jana. Haikunituliza kama jana.

24 Oktoba

Jua. Kikwembe kimekauka, buluu imetulia vizuri. Mama Séraphine alikuja kukichukua. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Papa Valère, ni wewe njo unaniwekea watoto wangu." Nilimwambia ni kazi tu.

2 Novemba

Mvua. Uji umeharibika, unga ulikuwa na uvundo.

11 Novemba

Vikwembe sita, siku nne kukauka.

23 Novemba

Jovial hajarudi. Labda foto ilikuwa mbaya. Naomba iwe mbaya.

14 Desemba

Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Zangu zimefika hamsini na sita.

Boti ya Kigoma ilifika juzi. Leo Mado, mke wangu, mama wa Chancelle wetu, ametoka sokoni na furushi kifuani.

"Papa Chancelle, Jovial amekutumia zawadi. Anasema utajua sababu."

Akalifungua kitandani. Vikombe vitatu, vikombe vitatu, vikombe vitatu, mpaka mwisho wa kitambaa. Buluu wameigeuza nyekundu, na pembeni wameongeza ukanda wa dhahabu.

"Wanaiita Kengele ya Arusi," Mado akasema. "Wamama wanaipigania. Kila mwenye harusi mwaka huu anaitaka."

Kengele. Kikombe kilichopinduliwa, kwa asiyejua kwamba ni kikombe, ni kengele kabisa. Nilikaa kitandani.

"Haukuipenda?"

"Nimeipenda," nikasema. Akajifunga kiunoni, akazunguka mbele yangu. Alikuwa mzuri.

Alipotoka nilikichunguza kitambaa. Kibao cha mkono hakirudii jambo mara mbili: uji ukizidi kikombe kinanenepa, mkono ukichoka ukingo unafifia. Mashine imerudia kila kitu sawasawa, hata kosa. Kila baada ya nusu mita kuna mstari mwembamba uliopinda, unapita juu ya kikombe cha kati. Niliutazama muda mrefu kabla sijaelewa. Ni mkunjo wa kamba yetu, ule ambao sikuunyoosha vizuri.

21 Desemba

Nataka kuandika haya kwa mpangilio, maana kichwani hayana.

Asubuhi Mama Consolate aliingia na kipande cha kitambaa, alichopewa na mwenzake wa kwaya kama habari njema. Alikuwa amekipapasa njia nzima. Akanikabidhi.

"Valère, nisomee hii. Ni nini?"

"Ni vikombe, Mama."

"Vya nani?"

"Vya Mama Séraphine."

Akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Papa Onésime alikuwa kwenye benchi lake ananoa patasi. Mama alimwuliza iko wapi karatasi aliyochorea kabla ya kuchonga. Onésime huchora kila kitu kwanza katika daftari la shule, na madaftari yote anayo. Akalileta, akafungua ukurasa. Karatasi ilikuwepo.

"Nani mwingine ameona hii?"

"Hakuna muntu, Mama."

"Basi njo wewe umewapa."

Onésime alifunga daftari. Alikichukua kile kitambaa, akakitandaza juu ya goti, akapitisha kidole. Kidole kikafika kwenye ule mstari, kikasimama. Aliinua macho akaitazama kamba ya karakana, kwa muda, kama mtu anayesoma ilani. Mimi hakunitazama. Ningefurahi kama angenitazama.

"Mama," akasema, "kama wewe unaona vile, njo vile."

Akakusanya patasi zake katika mfuko. Mama alikuwa analia bila sauti na kusema, "Kikulacho ki nguoni mwako," mara mbili, mara tatu. Mimi nilikuwa nimesimama na kibao mkononi, uji unadondoka juu ya viatu vyangu.

Nafasi zilikuwepo. Nimezihesabu tangu jioni. Mama alipouliza nani mwingine ameona. Onésime alipokuwa anafunga mfuko. Alipofika mlangoni. Alipogeuka kuchukua kofia aliyoisahau. Nafasi nne, na mdomo ulikuwa wangu mwenyewe, haukuwa wa mtu mwingine. Nimemwacha mzee wa miaka sitini na saba atoke kwenye mvua kwa kosa langu, na baada ya hapo nimeendelea na kazi. Nilibonyeza vikwembe vitatu. Vyote vilitoka vizuri.

22 Desemba

Mama akasema, "Tumebaki wawili. Wewe usiniache." Nikamwambia sitamwacha.

25 Desemba

Noeli. Kanisani nilihesabu wanawake tisa waliovaa Kengele ya Arusi, Mado akiwa mmojawapo. Ningemzuia kwa sababu gani?

Baada ya misa Mama Séraphine alisimama uani na kikwembe chake cha buluu. Nilitaka kukimbia. Lakini hakupiga kelele, hakulia. Alikwenda kwa mwanamke mmoja mmoja, anamshika mikono, anamwambia, "Asante, mama. Asante kwa kuvaa." Nao hawakuelewa, wakamjibu asante, noeli njema. Akafika kwa Mado.

"Hata wewe, Mama Chancelle. Mungu abariki nyumba yako."

Njiani Mado aliniuliza yule mama alikuwa anashukuru nini. Nikamwambia anashukuru Noeli. Uongo wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza, unakuta njia imeshafyekwa.

11 Januari

Siku ya kumbukumbu ya ile boti. Mvua kubwa alfajiri, kisha ikawa ya kukatika na kurudi.

Mama Séraphine alikuja karakana saa nne, ametoka ziwani kutupa maua. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alipiga magoti mbele ya Mama Consolate, kitu ambacho mwanamke wa umri wake hafanyi ovyo.

"Mama, miaka minne watu wananikimbia. Wakiniona wanavuka barabara, kama msiba unaambukiza. Leo njiani nimekuta wamama kumi na saba, wote wamevaa vikombe vya watoto wangu. Nimehesabu. Ni wewe umewaambia?"

Nilikuwa nakoroga uji. Niliendelea kukoroga. Mama alimpapasa kichwani.

"Ni watu wenyewe, mwanangu," akasema.

Mama Séraphine alipoondoka, Mama akaniambia, "Usimwambie kitu. Na yule Onésime asikanyage tena hapa." Miaka kumi na sita nimekaa na mama huyu, na leo ni mara ya kwanza kumsikia anasema uongo. Ameusema kwa ajili yangu bila kujua.

20 Januari

Vikwembe vitano. Vitatu nimeviharibu, kibao kiliteleza. Mama alivipapasa, akaniambia nipumzike.

3 Februari

Sokoni Mama Séraphine wanamwita Mama Asante. Nilisikia kwa masikio yangu, kwa wauza ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Mmoja anamwigiza: anamshika mwenzake mikono, anainamisha kichwa, asante mama, asante kwa kuvaa, na wote wanaangua kicheko. Nami nilitabasamu, kwa sababu walikuwa wananitazama.

9 Februari

Mama Séraphine alikuja kutuambia kwamba tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, atatembea mbele ya wote waliovaa vikombe. Ameshaomba kwa viongozi wa wamama, wamemkubalia. Alisema hivyo kwa fahari. Niliwaza wale wa ndagala, wakikubaliana kwa macho.

Sasa si mimi tu nitakayeaibika. Atachekwa barabara nzima, mchana, mbele ya mji, kwa kitu nilichokianzisha mimi.

15 Februari

Nimemwambia Mama Consolate.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yalitoka manne: foto nilipiga mimi, Mama. Akaniuliza lini. Nikasema Oktoba, kilipokuwa kwenye kamba. Akaniuliza Jovial alinipa nini. Nikasema hakunipa kitu.

"Bure?" akasema. "Ulimuuza Séraphine bure?"

Kisha nikaona limemfikia lile jingine. Alishika ukingo wa meza.

"Na mimi nimemufukuza Onésime."

Nilisubiri anifukuze. Nilikuwa nimeshaviweka vitu vyangu karibu na mlango, niseme kweli, na nadhani nilikuwa nalitamani hilo neno, niende nalo nyumbani nikaumie nalo. Hakulisema. Alisema nitakwenda Niemba alikokimbilia Onésime, nimwambie kwamba Mama Consolate anamwomba yeye msamaha, si Valère, Valère atajiombea wake.

"Na Mama Séraphine?"

"Kwa yule mi sijue. Nilisimama mbele yake nikashindwa. Usiniulize."

Akageuka upande wa dirisha. Baadaye akasema, "Kesho kuna nguo za kubonyeza. Ukuye saa moja."

18 Februari

Niemba kwa pikipiki, matope mpaka magotini, mara mbili tulianguka. Papa Onésime yuko kwa dada yake, analima mahindi. Nilimkuta shambani, suruali imekunjwa.

"Ulikuya na moto, hii pikipiki? Njia ni mubaya sana," akasema, kana kwamba nimekuja kutembea tu.

Nilimwambia yote palepale, tumesimama kati ya mistari. Aliendelea kung'oa magugu nikizungumza. Nilipomaliza akajipangusa mikono.

"Ile mustari ya kamba niliiona siku ileile," akasema. "Karatasi yangu haina kamba."

"Kwa nini haukusema, Papa?"

"Ningesema, Mama angekufukuza wewe. Mimi vibao nimemaliza kumuchongea, iko navyo vya kumutosha mpaka kufa. Lakini nani angemubonyezea? Mikono yake imekufa." Akang'oa jani lingine. "Na tena nilifikiri wewe mwenyewe utasema. Nilipotoka nilisimama pale kwenye kona kidogo, chini ya bati ya muuza mikate. Nikangoja. Nikaona haukuyi, nikaenda."

Nililia shambani, mtu mzima, na dada yake akaniletea maji. Onésime aliniambia niyanywe. Amesema atarudi mahindi yakishavunwa, kwa ajili ya Mama. Nilimwuliza kama amenisamehe, akajibu kwamba mvua inakuja, nianze safari.

19 Februari

Vikwembe vinne. Siku tatu kukauka.

27 Februari

Ninapita njia ya Mama Séraphine kila jioni na siingii.

3 Machi

Vilevile.

6 Machi

Nimeingia.

Alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alinivutia kiti, akafurahi kuniona, akanieleza kwamba kikwembe amekipiga pasi, kiko tayari kwa keshokutwa. Nilimwomba anisikilize kabla hajaendelea. Nikamwambia kwamba wale wamama hawavai vikombe, wanavaa kengele. Kwamba kitambaa kimetoka Daresalaam kwa mashine, kwa foto, na foto nilipiga mimi, kikwembe chake kikiwa kwenye kamba yangu. Kwamba hakuna aliyevaa kwa ajili ya watoto wake. Kwamba sokoni wanamcheka, na keshokutwa watamcheka zaidi, ndiyo maana nimekuja.

Aliendelea kutwanga mpaka nikamaliza. Kisha akaegemeza mchi.

"Papa Valère, wewe unafikiri mimi sijue ile ni kengele?"

Nikamtazama.

"Siku ile ya kumbukumbu nimetoka kwenu, nimekuta mama mumoja kwenye njia. Nikamwambia asante. Akacheka, akaniambia ni kengele ya arusi, imetoka Daresalaam. Nilienda nyumbani nikalala siku mbili. Ya tatu nikatoka kutafuta chakula. Nikakuta mwingine amevaa. Nikasema tu, asante, mama. Akasimama. Akaniuliza nimeamkaje. Tangu watoto wangu wapotee, Papa Valère, hakuna muntu anasimamaka kuniuliza nimeamkaje."

"Lakini wanacheka, Mama."

"Wanacheka, lakini wanasimama."

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Alikuwa hana hasira, hiyo ndiyo sehemu ninayoshindwa kuiandika. Alisema polepole, kama anayemfundisha mtu hesabu.

"Nani amepiga foto sikujua, na sikutaka kujua. Kama hakuna muntu anasema, mimi ningetembea siku ya nane, na labda mumoja kati yao, mumoja tu, angeuliza vikombe ni vya nani. Ningemwambia majina. Wewe ulikuwa na kazi moja tu, kunyamaza, na ulikuwa umeshaizoea. Sasa umekuja kusema hapa kwangu, kwa mudomo yako. Ukishasema, mimi nitafanya je kama sijue?"

Nikamwambia nisamehe, Mama.

"Njo kwa sababu ya hiyo ulikuja," akasema. "Si kwa mimi."

Akauchukua mchi. Wakati natoka, mwanamke mmoja alikuwa anapita barabarani na Kengele ya Arusi kiunoni, kapu kichwani. Alipofika usawa wa ua alipunguza mwendo, kwa mazoea, akatazama ndani. Mama Séraphine alikuwa ameinamia kinu. Yule mwanamke alisubiri kidogo, akaenda zake.

7 Machi

Sikuandika vikwembe. Sikumbuki vilikuwa vingapi.

8 Machi

Mvua haikunyesha. Wanawake wamepita barabara kuu kuanzia saa nne mpaka karibu saa saba, kwa makundi, wanaimba, na Kengele ya Arusi zilikuwa nyingi kuliko vikwembe vingine vyote. Nilisimama ukingoni na Mama Consolate, namtajia wanaopita, maana haoni mbali. Aliniuliza kama Séraphine amepita. Nikamjibu bado. Kundi la mwisho lilipokwisha na watu wakaanza kutawanyika, aliniuliza tena. Nikamjibu hakupita.